Anatole na Chuma Kinachopinda

Jumamosi tarehe 6 Novemba 2021, saa nne asubuhi, katika karakana ya magari iliyo nyuma ya bandari ya Baraka, Nimbona alinyanyua kutoka ardhini kilo mia mbili kumi na saba na nusu, akasimama wima nazo mpaka alipoambiwa aziweke chini. Jambo hili limethibitishwa. Vyuma vyote vilipimwa upya adhuhuri ileile kwenye mizani ya magunia ya unga wa muhogo, mbele ya watu watatu, na ukurasa wa daftari wenye sahihi zao bado upo.

Uzito huo ulizidi kwa kilo mbili na nusu ule uliokuwa umeandikwa kwenye ukuta wa karakana kwa rangi nyekundu tangu mwaka 2016: ANATOLE 215. Maelezo haya yanamhusu huyo aliyeandikwa ukutani. Aliyemzidi anaingia humu kwa sababu kwa karibu mwaka mzima Anatole hakuweza kumfikiria mtu mwingine.

Anatole Wilondja alizaliwa mwaka 1981 katika kijiji cha wavuvi kusini mwa Baraka. Vita vya mwaka 1996 vilimvusha ziwa pamoja na mama yake hadi Tanzania, akaishi miaka kumi na mitatu katika kambi ya Nyarugusu. Huko alisomea ufundi wa kujenga bila kuumaliza, akamwoa Constance, akazaa naye binti waliyemwita Divine. Walirudi mwaka 2009. Tangu mwaka huo hadi leo kazi yake ni kupakia na kupakua mizigo bandarini. Ni mtu mfupi, mwenye mabega mapana na sauti ndogo ambayo haikutarajiwa katika mwili kama ule. Waliofanya naye kazi wanakubaliana juu ya sifa yake moja: gunia la kilo mia alilikurupua kutoka chini kwa mvuto mmoja na kulifikisha begani kabla mwenzake hajamaliza kutemea mate viganja. Bandarini wanaamini kwamba anayenyanyua polepole huvunja mgongo, na Anatole aliamini hivyo kuliko wote.

Mwenye karakana ni Jérémie, fundi wa kuchomelea vyuma, mwenye umri wa miaka sitini na mbili. Mwaka 2012 alichukua nusu-ekseli mbili za lori lililofia njiani likielekea Misisi, akaziunganisha katikati kwa kuzichomelea, akapata chuma kimoja kirefu cha unene wa milimita arobaini. Kwenye ncha zake alitundika ngoma za breki za malori. Hivyo ndivyo mchezo wa kunyanyua vyuma ulivyoanza Baraka, na chuma hicho kikaitwa Ekseli. Kwenye kiungo kilikuwa kimevimba kama goti. Hakikupinda kiasi cha kuonekana. Ukikivuta, ama kinakuja chote pamoja na ngoma zake, ama kinabaki chote chini. Kwa mtu aliyezoea kukurupua magunia, hapakuwa na chuma kilichomfaa zaidi, na kwa miaka mitano jina lake lilikaa ukutani peke yake.

Katikati ya mwaka 2021 mgeni mmoja aliyefanya kazi katika shirika la misaada alimaliza mkataba wake, na kabla ya kuondoka akamwachia Jérémie chuma chake cha mazoezi na visahani vyake vyembamba vya uzito kwa sababu Jérémie alikuwa amemtengenezea gari mara nyingi. Kilikuwa chembamba, cha milimita ishirini na nane, kirefu kupita Ekseli, chenye vishikio vilivyokwaruzwa ili mkono usiteleze. Vijana wakakiita Chuma cha Muzungu. Anatole alikitazama, akakipiga teke kidogo, akasema kwamba kile ni cha kuanikia nguo.

Nimbona alifika karakanani mwezi Agosti akiwa amebeba mbao. Alikuwa na miaka ishirini na tisa, mkimbizi kutoka Burundi, akiishi na mkewe Goreth katika eneo la Mulongwe. Kwao, katika milima ya Bururi, alikuwa mpasuaji wa mbao: kazi ya watu wawili wenye msumeno mmoja mrefu, mmoja juu ya gogo na mwingine chini. Mpasuaji hujifunza mapema kwamba msumeno haukurupuliwi. Unauvuta mpaka unyooke, unamsikia mwenzako upande wa pili, ndipo unatia nguvu. Alipomaliza kupanga mbao aliomba ruhusa kwa adabu ajaribu vyuma. Ekseli ilikuwa inatumika, kwa hiyo akapewa Chuma cha Muzungu.

Tangu siku hiyo hakukiacha. Ilipofika Novemba alikuwa ameipita ile hesabu ya ukutani, ingawa Jérémie alikataa kuifuta kwa rangi mpaka siku ya mashindano rasmi.

Siku ile ya tarehe 6 wanawake waliokuwa wakitoka ufukweni na beseni za samaki walisimama kwenye uzio wa karakana. Constance alikuwa mmoja wao. Mazungumzo ya jioni ile, wakiwa mezani, yameelezwa na mke na mume kila mmoja kwa wakati wake, na yanalingana karibu neno kwa neno.

“Papa Divine, bugali inapoa.”

“Mi sina njaa.”

“Tangu lini?”

“Uliona nini pale kwa Jérémie?”

“Niliona muntu ananyanyua vyuma.”

“Ulipiga makofi.”

“Bamama bote balipiga makofi. Ya kwangu mikono ningeiweka wapi?”

“Mwaka ile ya kwangu, ulipiga mara ngapi?”

“Ehee!” Constance akacheka mpaka akaweka kijiko chini. “Sasa we uko nahesabu makofi? Kula, baba. Yule mutoto ya watu hana hata viatu.”

Hapo ndipo alipokosea, kwa maelezo ya Constance mwenyewe. Laiti angesema kwamba Nimbona ni mwenye kiburi, au kwamba ana sura mbaya, mumewe angekula. Neno la huruma lilimchoma zaidi. Mtu asiye na viatu alikuwa amemzidi, na mkewe alikuwa ameviona vidole vyake vya miguu.

Kuanzia siku hiyo Anatole alianza kuhesabu. Alihesabu watu waliosimama uzioni Nimbona aliponyanyua, na waliosimama aliponyanyua yeye. Alihesabu mara ambazo Jérémie alisema “mwanangu” kwa mmoja na mara alizosema kwa mwingine. Alijua siku ambazo Nimbona alikunywa chai na siku ambazo hakunywa. Divine, ambaye wakati ule alikuwa na miaka kumi na minne, anakumbuka kwamba baba yake aliwahi kuuliza katikati ya sala ya chakula Warundi hula nini asubuhi.

Juu ya yote hayo alikuwa na swali moja lisilompa raha. Kwenye Ekseli, Nimbona hakuwahi kufika hata kilo mia mbili na tano. Anatole alijua, kwa sababu alikuwa amemwona mara mbili akijaribu na kushindwa pale pale chini, ngoma za breki zisijue hata kwamba zimevutwa. Kwenye Chuma cha Muzungu mtu huyohuyo alipita mia mbili ishirini. Kuna kitu kilichokuwa kinamsaidia, na Anatole aliamua kukikamata.

Mwezi Januari 2022 aliingia chini ya lori lililokuwa likitengenezwa karakanani, akalala kifudifudi, na kila aliyeuliza alijibiwa kwamba anatafuta nati iliyoanguka. Kutoka pale jicho lake lilikuwa usawa wa ardhi, hatua tano kutoka kwa Nimbona. Alikaa hapo asubuhi nzima. Alichokiona amekieleza kwa makini kuliko jambo lingine lolote katika maisha yake, na kinastahili kuandikwa kama alivyokieleza.

Nimbona aliinama, akashika, akaanza kuvuta bila haraka. Mikono yake ikapanda, magoti yakapanda, kiuno kikapanda. Na ngoma za breki zilikuwa bado zimekaa chini. Chuma kilikuwa kimepinda katikati kuelekea juu kama upinde. Halafu ngoma za ndani, zilizo karibu na miguu, zikaachana na ardhi, mwanga ukapita chini yake. Za nje zilikuwa bado zinagusa. Mwisho zikaondoka nazo, moja baada ya nyingine. Kwa maneno mengine, wakati kilo zote zilipokuwa mikononi mwa Nimbona, Nimbona hakuwa tena ameinama chini kabisa. Alikwisha kupanda kwa unene wa vidole viwili.

Hesabu ya Anatole ilikuwa sahihi. Chuma kilichotajwa kilipimwa baadaye kwa rula kikiwa na kilo mia mbili ishirini: mahali pa mikono palipanda milimita thelathini na mbili kabla ngoma ya mwisho haijaachana na ardhi. Kwenye Ekseli, kwa uzito uleule, palipanda milimita nne. Wanaofuatilia mchezo huu wanajua kwamba sehemu ngumu kwa watu wengi ni kuanza, mgongo ukiwa umelala na magoti yamekunjwa. Vidole viwili ni vingi mahali hapo. Na ngoma za breki, kwa kuwa ni nene, zilisukuma uzito mbali kuelekea ncha, chuma kikazidi kupinda. Nimbona alipenda kutumia ngoma nyingi na kuviacha visahani vyembamba vya mgeni. Hakujua kueleza kwa nini. Alisema tu kwamba kwa namna ile chuma kinaongea naye.

Anatole alitoka chini ya lori na mafuta mashavuni, akaenda moja kwa moja kwa Jérémie, ambaye karakanani humwita vye, yaani mzee.

“Vye, ule Murundi anaiba.”

“Ameiba nini? Mbao?”

“Anaiba vidole mbili.”

Jérémie aliyatazama mashavu yake. “Ulipata nati?”

“Nati gani?”

“Ile ulikuwa natafuta.”

Alipoelezwa, Jérémie hakubisha. Alisema ni kweli kile chuma kinapinda, na kwamba kimepinda vilevile kwa kila mtu aliyekishika. “Kama ni bahati, iko pale chini. Haina jina la muntu. Enda na weye ukanyanyue nayo.”

Hilo ndilo lililokuwa gumu. Anatole alikuwa amekwisha kujaribu, alfajiri moja kabla watu hawajafika. Alikishika Chuma cha Muzungu kama anavyoshika gunia, akakurupua. Mikono ilipanda upesi kwa sababu haikubeba kitu. Halafu uzito wote ukafika kwa kuchelewa, ghafla, ukamkuta amejitupa mbele. Chuma kikarukaruka mikononi mwake. Kwa kilo mia mbili na tano, ambazo kwenye Ekseli alizinyanyua akiwa anaongea, alishindwa magotini. Vidole viwili vilivyompa Nimbona msaada vilimwangusha yeye. Alijaribu mara nne, akarudisha ngoma zote mahali pake na kufagia alama za miguu yake.

Hakujua kwamba Nimbona alikuwa amefika mapema alfajiri ile na kusimama nje ya uzio. Wiki moja baadaye, wakiwa wawili tu, Nimbona alimsogelea, akamwita yaya, kama mdogo anavyomwita kaka yake.

“Yaya, samahani. Naweza kusema kitu?”

“Sema.”

“Ile chuma haipendi haraka. Unavuta kidogo, unangoja inyamaze. Ikinyamaza, njo unasukuma na miguu. Ni kama vile musumeno…”

“Nani alikuambia mi nashikaka ile chuma?”

Nimbona akaangalia upande wa uzio.

“Nakuuliza.”

“Hakuna muntu, yaya.”

“Mi niko nanyanyua tangu we uko nanyonya. Enda kwa musumeno yako.”

Ushauri ule ulikuwa sahihi neno kwa neno, na ulitolewa bure na mtu asiyekuwa na sababu ya kuutoa. Anatole anasema aliujua usahihi wake wakati uleule maneno yalipokuwa yanatoka mdomoni mwa Nimbona, na kwamba kama angeambiwa na mtu mwingine yeyote, hata mtoto, angeufuata kesho yake.

Mwezi Juni 2022 ilifika barua kutoka kwa waandaaji wa mashindano ya jimbo yatakayofanyika Uvira tarehe 6 Agosti. Kila wilaya ilitakiwa kupeleka mnyanyuaji mmoja kwa mnyanyuo wa kutoka ardhini. Mmoja tu. Hakuna mtu wa Fizi, wilaya ya Baraka, aliyewahi kwenda. Jérémie aliisoma barua mbele ya wanyanyuaji kumi na wawili, akaikunja, akasema watachaguana kwa mashindano ya wazi, Jumamosi tarehe 9 Julai. Kisha akauliza swali lililoamua kila kitu.

“Tutatumia chuma gani?”

Anatole alisimama. Wote waliokuwepo wanakubaliana kwamba hawakuwahi kumsikia akisema kwa urefu namna ile. Alisema Ekseli ndiyo chuma cha Baraka. Alisema imechomelewa hapa, na mikono ya hapa, kutoka kwenye lori lililofia kwenye barabara ya hapa. Alisema Chuma cha Muzungu ni cha mtu aliyekuja na kuondoka, kinamwinua mtu kabla hajanyanyua, na kama wilaya itawakilishwa basi iwakilishwe na nguvu, isiwakilishwe na springi.

“Lakini kule Uvira,” Jérémie akasema, “bako na chuma ya namna gani?”

Jérémie akawatazama mmoja mmoja.

“Nani anajua?”

“Chuma ni chuma, vye,” Anatole akajibu. “Muntu wa nguvu atanyanyua yoyote.”

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Nimbona alikuwa amekaa kwenye tairi karibu na mlango. Aliulizwa kama ana neno. Akasema, “Mi nakubali vile bakubwa banakubali.”

Anatole alikuwa anajua. Mwezi Mei, dereva mmoja wa pikipiki alimwonyesha kwenye simu picha ya mashindano ya Uvira ya mwaka uliotangulia. Ilionyesha mtu akiwa katikati ya mnyanyuo, na chuma mikononi mwake kikiwa kimepinda ncha mbili kuelekea chini, chembamba, cheusi, ndugu kabisa wa Chuma cha Muzungu. Anatole aliomba atumiwe picha ile. Aliitazama kila siku. Mkutanoni ilikuwa mfukoni mwake.

Alipoulizwa, mwezi Machi 2023, kama hakuona kwamba angeenda Uvira kukutana na chuma asichokiweza, alijibu bila kusita: “Niliona vizuri. Mi nilikuwa nataka asiende. Mimi kwenda, ile haikuwa na maana kwangu.”

Mashindano ya Julai yalikuwa mafupi. Watu wapatao mia mbili walijaa karakanani na juu ya malori mabovu. Nimbona alinyanyua mia na tisini na tano kwenye Ekseli, kwa shida. Alipotaka mia mbili na tano alivuta, akangoja chuma kinyamaze kama alivyozoea. Ekseli ilikuwa imenyamaza tangu mwanzo. Haikumpa kidole hata kimoja. Alivuta mpaka mishipa ya shingo ikasimama, na ngoma za breki hazikusogea. Akajaribu tena na mara ya tatu. Kisha akasimama, akapangusa mikono kwenye suruali, akampa Anatole mkono.

Anatole alinyanyua mia mbili na tano, mia mbili na kumi, mia mbili kumi na saba na nusu. Ya mwisho aliikurupua kama gunia la mtu anayemchukia. Watu walimbeba juu kwa juu mpaka bandarini. Constance alipiga makofi, na Anatole, kwa maneno yake mwenyewe, alimtafuta kwa macho ili aone kama anapiga. Alimwona. Halafu akaona kwamba karibu yake alikuwa amesimama Goreth, mke wa Nimbona, na kwamba Goreth naye anapiga makofi. Jambo hilo liliharibu siku yake yote. Hakuweza kuelewa mtu anawezaje.

Uvira alikwenda na Jérémie, kwa gari, siku moja kabla. Walipoingia ukumbini Jérémie aliona chuma kilicholala jukwaani, akakisogelea, akakishika kwa ncha na kukitikisa. Kikatikisika.

“Anatole.”

“Naam, vye.”

“Angalia hii.”

“Nimeona.”

“Ni ndugu ya ile yetu.”

“Nimeona, vye.”

Jérémie anasema alimtazama usoni kwa muda, na kwamba hapo ndipo alipojua kwamba Anatole alikuwa na habari tangu mwanzo. Walilala kwa ndugu wa Jérémie.

Matokeo ya Anatole yapo katika karatasi ya waandaaji. Jaribio la kwanza, kilo mia na tisini: lilikubaliwa. La pili, mia mbili na tano: lilikataliwa, chuma kilirukaruka magotini na mikono ikafunguka. La tatu, mia mbili na tano: lilikataliwa. Alikuwa wa saba kati ya wanane. Mshindi, mwashi kutoka Bukavu, alinyanyua mia mbili ishirini. Ni kilo ambazo Nimbona alikuwa amezipita mara tatu karakanani kwa chuma cha aina hiyohiyo, na mara zote tatu zimo katika daftari.

Kurudi Baraka ilikuwa kazi ngumu kuliko kunyanyua. Watu walimngoja bandarini.

“Champion! Kule ulikuwa wa ngapi?”

“Wa saba.”

“Kati ya watu mingapi? Mia?”

“Nane.”

“Aah. Basi kuna mumoja ulimupiga. Yule iko na miguu mbili kweli?”

Alivumilia mizaha hiyo wiki tatu. Asichoweza kuvumilia ni kwamba Nimbona hakumfanyia mzaha. Alimsalimia kama zamani, “Yaya, habari ya kazi,” akaendelea na mazoezi yake, na mwezi Septemba akanyanyua mia mbili ishirini na tano. Anatole anakiri kwamba wivu wake haukupungua baada ya Uvira. Uliongezeka. Zamani alimwonea wivu kwa nguvu zake. Sasa alimwonea wivu hata kwa kulala vizuri.

Jumapili moja ya mwezi Oktoba, baada ya misa, alitembea kwa miguu hadi Mulongwe. Alimkuta Nimbona mbele ya nyumba yake akiranda ubao wa mlango. Goreth alileta kiti. Anatole hakukaa. Alitoa simu, akafungua picha, akainyoosha mbele ya macho ya mwenzake.

“Hii picha nilikuwa nayo tangu mwezi wa tano.”

Nimbona aliitazama, akarudisha macho kwenye ubao.

“Naijua, yaya.”

“Unaijua namna gani?”

“Ule wa pikipiki alinionyesha na mimi. Ni mtu ya kuonyesha watu wote.”

“Siku ya mukutano ulikuwa umeiona?”

“Nilikuwa nimeiona.”

“Sasa juu ya nini hukusema?”

Nimbona alipuliza maranda kutoka kwenye randa. Goreth ndiye aliyejibu, akiwa mlangoni. “Aseme nini, Papa Divine? Sisi tuko bageni. Mugeni asimame katikati ya benye mugini, aseme chuma yenu ni mubaya, mimi njo nistahili kwenda? Kesho yake mbao zake nani atanunua?”

“Na wewe,” Anatole akamgeukia, “ulinipigia makofi.”

“Ulinyanyua vizuri.”

Kuhusu kilichofuata, Anatole anasema alikaa kwenye kiti. Goreth anasema hakukaa, alishika mgongo wa kiti kwa mikono miwili, akavuta pumzi, akaondoka bila kuaga. Nimbona hawezi kuulizwa. Linalokubalika kwa pande zote ni kwamba siku iliyofuata, Jumatatu, Anatole alifika karakanani, akamwambia Jérémie habari ya picha mbele ya watu tisa, na akaomba mashindano ya mwaka 2023 yakija Nimbona apelekwe bila kuchaguliwa. Jérémie alimwuliza kama amemaliza. Akasema amemaliza. Jérémie akamwambia asafishe Ekseli, ina kutu.

Nimbona hakupelekwa. Mwezi Februari 2023 familia yake ilijiandikisha kurudi Burundi kwa hiari. Goreth alitoa ushahidi wake asubuhi ya siku ya safari, akiwa amekaa juu ya mzigo wake. Nimbona alikuwa amekwenda kupanga foleni, na basi likaondoka kabla hajapatikana kwa mahojiano. Mashindano ya mwaka ule hayakufanyika.

Anatole ana miaka arobaini na miwili sasa, na bado anapakia bandarini. Asubuhi hufanya mazoezi kwa Chuma cha Muzungu. Anavuta kidogo, anangoja, halafu anasukuma kwa miguu. Anafanya hivyo akiwa peke yake, na mtu akiingia anahamia Ekseli. Amefika mia mbili kumi na tano. Ukutani pameandikwa sasa majina mawili, la Anatole chini ya neno Ekseli na la Nimbona chini ya Chuma cha Muzungu, na Constance anasema mumewe akipita hapo husoma lile la pili kwanza.

Namba ya simu aliyoiacha Nimbona haipatikani. Haijulikani kama bado ananyanyua vyuma. Haijulikani pia angenyanyua kilo ngapi Uvira tarehe 6 Agosti 2022, wala kama angekuwa wa kwanza.